Hesabu

Saa kumi alfajiri, wasema hivyo wenye saa,
ila jua la Juni huku halikulala,
limezunguka tu ukingoni mwa bahari
kama mgeni asiyejua aage vipi.

Oddleif yuko gatini.
Anamimina maji ya sabuni ndani ya suti yake ya mpira,
anaingiza mguu, anatukana, anaingiza wa pili.
Hatujasemezana tangu Oktoba.
Ni mabati ya banda la mashua, yale ishirini na mawili,
nani alilipa, nani alisema atalipa,
na karatasi aliyoibandika mlangoni kwangu,
jumla yake imepigiwa mistari miwili.
Jana simu ikalia. "Maji yametulia," akasema.
"Nitakuja," nikasema. Tordis alikuwa jikoni,
akaifuta sufuria ileile kwa muda mrefu, akicheka kimoyomoyo.

Maana Skarvøya nzima tuko watu thelathini na wanne
na wapiga mbizi wa pumzi moja ni wawili.

Kayaki zinateleza. Makafi hayalingani,
kisha yanalingana bila kuombwa.
Nyuma yetu milima ina viraka vya theluji bado,
ng'ombe wa mtu analalamika ng'ambo ya maji.
Penye mwamba wa minandi tunazifunga kayaki
kwenye mashina ya mwani, manene kama mkono wa mtoto.
Natema mate kwenye miwani. Anatema kwenye yake.
Sheria tuliiweka tukiwa na miaka kumi na tisa:
mmoja juu, mmoja chini,
na wa juu hana kazi nyingine ila kuhesabu.

Anatangulia. Anavuta pumzi ya tumbo, ya kifua, ya mabega,
anakunjika, visigino vinaaga.
Moja. Mbili.
Mkanda wa risasi unamshusha
kama jambo lililokwisha amuliwa.
Kumi na tano: kijani kimemmeza.
Thelathini: namwona tena, amelala juu ya mchanga
kati ya misitu miwili ya mwani,
bunduki ya mshale imenyooka, hana haraka,
huyu niliyemwita mwizi mbele ya mkewe.
Arobaini. Arobaini na moja.
Sijawahi kuhesabu kitu kwa uaminifu namna hii.
Yale mabati niliyahesabu kwa hasira,
na hapa, mrija mdomoni, najua niliruka.

Hamsini na nane. Mchanga unafumuka,
sakafu yenyewe inaondoka, pana kama ubao wa mlango:
kveite, samaki bapa, macho yote mawili upande mmoja.
Oddleif hafyatui. Anamtazama akienda.
Sabini na tatu ndipo kichwa kinapasua maji,
pumzi yake inalia kama kitambaa kinachochanwa.
"Mkubwa mno," anasema. "Angetuvuta hadi Aislandi."
Tunacheka, tunameza chumvi, tunakohoa.

Zamu yangu. Baridi ya chini inauma meno.
Pangoni namkuta steinbit, yule mng'ata mawe,
uso wake uso wa karani wa kodi.
Nafyatua karibu mno. Mshale unampata, naye anageuka,
anauma chuma, anauma pezi la mguu wangu,
anabaki na ncha yake kinywani.
Sijui nimekaa muda gani.
Hiyo si kazi yangu. Namba iko juu, kwa mwenye namba.

"Themanini na mbili," anasema nikiibuka,
mkono wake tayari uko kwapani mwangu.
"Sabini," nabisha, nikihema.
"Themanini na mbili. Mimi siruki."

Gatini anampasua mng'ata mawe,
nusu huku, nusu kule, mizani ni macho.
Juu ya banda mabati yanapata joto, yanaalika.
Anaongeza kipande upande wangu.
Nakirudisha.
Anakiongeza tena, bila kunitazama.
Nanyoosha mkono nikirudishe,
shakwe anashuka, anakichukua yeye.