Fomu ya Saa Kumi Usiku

Kisanduku cha kwanza: saa ya tukio.
Maarika anaandika, anafuta, anaandika tena.
Nje, Tartu imelala chini ya theluji;
ndani, kitanda namba tisa kimeshatandikwa upya,
shuka limevutwa mpaka halina kunyanzi.

Kanuni inampa siku tatu kutoa taarifa.
Moyo wa mzee Endel haukupewa hata dakika tatu.

Kisanduku cha nne: eleza kilichotokea, usimtaje mtu.
Anatazama vichupa viwili mezani:
kifuniko cha buluu, kifuniko cha buluu,
maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Asubuhi atakuja Raudsepp wa uchunguzi
na kalamu yake ya risasi na swali lake moja:
si "nani?"
bali "ilikuwaje ikawa rahisi hivi?"
Hilo ndilo linalomuuma. Angeulizwa "nani",
angejibu kwa neno moja, aende nyumbani.

Kisanduku cha mwisho: familia imejulishwa?
Binti yuko njiani kutoka Võru, barabara ina barafu.
Amebeba soksi za sufu alizoagizwa jana.

Maarika anaiacha nafasi ile wazi,
anasimama,
anakwenda kumngojea mlangoni.