Daftari la Fundi Saa

Skrubu ya saa ya kike ni ndogo kuliko punje ya ufuta.
Ikiruka, imekwenda.
Miaka mitatu nimezitafuta kwa magoti
chini ya meza yangu, Wete, upande wa sokoni,
sumaku mkononi, machozi ya kukohoa machoni,
mteja akitazama pembeni kwa heshima.

Kilikuja na mafua. Mafua yakaaga,
chenyewe kikabaki, mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.
Sivuti. Pumu sina. Makohozi yamepimwa mara tatu.
Picha ya kifua nimepigwa Wete, nikapigwa Chake,
nikavuka nikapigwa Mnazi Mmoja.
"Safi," wakaniambia, kama wanaonipongeza.
Nikarudi melini na usafi wangu,
abiria wawili wakahama benchi.

Mize akanipa asali na habasoda,
karafuu za kutafuna hadi ulimi ukafa ganzi.
Kombe nimekunywa, la zafarani, sahani nzima;
nusu yake nikaikohoa, Mungu anisamehe.
Mtaani walikuwa na jina la aliyenitupia. Sikuuliza.
Ijumaa nikahamia safu ya mwisho, karibu na viatu,
maana khatibu akifika pale pa kunyamaza
mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia.

Raiye binti Omar, wa chumba cha mazoezi ya viungo,
Chake, ule mlango unaokwama,
ni mdogo kuliko mwanangu wa pili.
Hakunipa dawa. Alinipa bilauri ya maji,
akataka niyanywe kidogo kidogo, kama maji ya mkopo.
"Koo lako lina bawabu," alisema.
"Kazi yake kupiga kelele akija mwizi.
Mwaka ule wa mafua mwizi alikuja kweli.
Sasa bawabu hapati usingizi:
harufu ya udi, mwizi; upepo wa feni, mwizi;
neno refu, mwizi.
Hatumfukuzi. Tunamfundisha kukaa."

Likianza kuwasha, usiitike.
Meza mate. Meza tena, kidevu chini.
Funga mdomo, vuta kwa pua mpaka tumboni,
toa kwa midomo uliyoibana,
kama unayepoza uji wa mtoto.
Kusafisha koo marufuku: huko nako ni kukohoa,
ila kwa adabu.
Na andika.

Nikanunua daftari la skuli, jedwali la kuzidisha nyuma.
Kila alasiri nalala chali mkekani,
saa ya mfukoni ya marehemu Makame juu ya tumbo
(wanawe hawakuja kuichukua, nayo inatembea),
naitazama ikipanda, ikishuka.
Miaka arubaini nazifungua sekunde na kuzifunga.
Sikujua kumi zina urefu gani
mpaka nilipokaa nazo, koo likiwaka, mdomo nimeufumba.

Juma la kwanza: sitini na moja, kisha nikaacha kuhesabu kwa hasira.
Juma la tatu: arubaini. Arusi ya jirani, udi: hamsini na tano.
Nikamwambia Raiye huu ni upuuzi,
kupumua hata mbuzi anajua.
"Mbuzi hakohoi miaka mitatu," akajibu,
akanisukumia bilauri.
Juma la tisa: kumi na moja.

Hakijaondoka, nisikudanganye.
Jana kilinijia skrubu ikiwa kwenye kibano,
kikapanda, kikapiga hodi. Nikameza. Nikapoza uji.
Bawabu akainuka, akachungulia, akakaa.
Skrubu ikaingia tunduni, nusu mzunguko, basi.

Usiku Mize akaniamsha, kiganja chake kifuani mwangu.
"Shaame. Shaame! U mzima?"
Alishazoea kulala juu ya ile kelele
kama watu wa jirani na mashine ya kusaga.
Kimya ndicho kilichomshtua.
Nikakohoa kidogo, makusudi, alale.

Hilo sikuliandika.