Shimo la Nane

Mavyaa wangu hana shamba, hana ng'ombe,
ana mashimo manane kwenye mwamba wa Kigombe.
Saba alinipa mwaka niliomzaa Sauda.
Alinipa kwa kununa, kama arudishaye sufuria ya kuazima,
akichambua mchele, akiyataja:
Deni, kwa kuwa halilipi.
Kwa Mtalaka, maana mwenyewe huhama kila mwezi.
Jiko la Nje. Kombo. Chumba cha Wageni. Sikio.
Na Mwanaharamu, ambamo mkunga alimng'ata kidole.

La nane alilimeza.

Julai hii baridi imeingia mpaka ndani ya chumvi.
Bamvua. Saa nne asubuhi bahari imekunja mkeka wake
na wanawake tunateremka, kila mmoja na nondo yake,
kila mmoja akijifanya haangalii mwenziwe anakoelekea.
Nimevaa sweta la mtumba, kifuani paa mwenye pembe kama matawi,
mnyama wa nchi za theluji.
Analowana nami hadi pembeni.

Maji ya kipupwe yana meno ya mtoto:
hayaumi, yanatafuna.
Kidole gumba hufa kwanza, kisha kisigino.
Hapo unabaki kuona kwa nondo.
Ukigusa jiwe, jiwe linajibu.
Ukimgusa pweza, nondo inanyamaza.

Mwaka jana, Agosti, Sauda alirudishwa nyumbani
kwa mchango wa uji.
Mavyaa alikuwa bado na jicho moja,
na jicho lile, kila tukipita jiwe lenye umbo la goti,
lilikuwa linapinda.
Nikarudi peke yangu.
Mlangoni pamepangwa vijiwe, kimoja juu ya kingine,
kama mtu aliyejifungia na hataki hodi.
Nikatia nondo.

Hakutoka kama watokavyo wengine, kwa hasira ya mikono minane.
Alishikilia dari.
Alipokuja, nyuma yake vilining'inia vishada vyeupe,
mchele uliotungwa uzi.
Kilo mbili na robo.
Nusu ilipanda bodaboda kwenda Tanga.
Nusu niliipika kwa nazi, na hapana aliyeuliza.

Sasa mtoto wa jicho amechukua na lile la pili.
Jumatatu aliniita, akanishika kwa kanga nisiondoke.
"La nane lipo chini ya goti," akasema.
"Huingia mama mmoja. Hali, halali,
anayapepea mayai mpaka afe.
Sijalichokoa tangu nina meno yote.
Hao wa saba unaowauza ni watoto wa hapo.
Nimekupa ulinde. Sijakupa ule."

Nikasema ndiyo, mama.

Leo nimefika.
Mchanga. Kaa mmoja mdogo, ganda la tondo.
Vijiwe vimetawanyika vile vile nilivyoviacha.
Nilisimama pale mpaka maji yakarudi kwenye ndama za miguu,
nikijiambia ni baridi, miguu imekataa,
nikarudi na mmoja wa Sikio, hata kilo hafiki.

"Yumo?"
"Yumo."

Akanyamaza. Kuku akapita katikati yetu.
"Mchuzi wa Agosti ile," akasema,
"nyama ililainika kabla ya kupigwa.
Nyama ya mtu aliyefunga.
Nilijua tangu tonge la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili nilikuwa na njaa."

Kisha akapapasa ukuta, akatafuta ndara zake.
"Kesho nipeleke. Nikapange mawe mlangoni.
Hawaingii nyumba isiyo na mlango."

Nikamwambia maji ni ya baridi, mama, baridi kweli.

"Basi nivulie," akasema,
"huyo mnyama wako wa pembe."