Komeo

Jina la mahali hapo tulilitukania shuleni.
Mtu akicheka peke yake, tukimwambia: nenda ukalazwe.
Leo ni Ijumaa ya tano naipeleka hotipoti huko,
wali wa nazi na changu niliyemtoa miba,
maana Haroub mikono yamtetema kwa dawa.

Getini wanapekua. Uma, hapana. Pini ya mtandio, toa.

Nesi Msabaha amepanga viti sita, duara.
Mimi nilidhani mgonjwa ni mmoja.
"Kila mtu aseme alichokisikia usiku wa kwanza.
Si alichokiona. Alichokisikia."

Mama alisikia bomba la maji: lilifunguliwa, halikufungwa.
Mimi nilisikia jina langu likisomwa,
Zu-we-na, kama limeandikwa ukutani.
Bibi ni mzito wa masikio,
ila aliuhisi mlango ukibamizwa, kupitia tendegu la kitanda.
Haroub, miaka kumi na saba,
ndara zake zote mbili za kushoto, kasema:
"Mie nilisikia komeo."

Hapo sote tukamtazama baba.

Baba ni seremala. Nusu ya milango ya Fuoni ni mikono yake.
Kombe la zafarani tulikwisha mnywesha Haroub, siku saba,
tukafukiza ubani hadi paka akahama,
jirani akasema ni bangi, shangazi akasema ni mkono wa mtu,
na baba, ambaye hasemi, akenda dukani kwa vyuma
akalifunga komeo mlangoni, kwa nje.
Miezi minne. Chakula kilipita dirishani
naye akikipokea kwa adabu: "Ahsante, dada."
Adabu ile ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

"Na wewe, Mzee Khatibu?"
Feni ikazunguka. Ikazunguka.
"Mimi," akasema, "n'lisikia kimya baada ya kufunga.
Nikalala. Wiki tatu sijalala, nikalala."
Akajifuta uso kwa kofia iliyotiwa wanga jana.

Haroub akasogea. Si kumkumbatia, msitarajie hayo;
mguu wa kiti ulikwaruza sakafu, basi,
akamwekea mnofu juu ya kifuniko cha hotipoti.
"Kula, baba. Hauna miba."

Wanasema bado mwezi. Wanasema ataruhusiwa, na pengine atarudi.
Tumepewa daftari, tuandike kila mtu kalala saa ngapi.
Mwandiko wa Haroub ndio unaosomeka.

Jana baada ya magharibi nimemkuta baba na bisibisi.
Amelitoa komeo, amelifunga kwa ndani,
akaingia, akajifungia, akafungua, akajifungia tena,
kujaribu kama linateleza kwa mkono unaotetema.
Kwa nje yamebaki matundu manne ya skrubu.
Nikamuuliza, tuyazibe?
"Ngoja," kasema. "Kwanza tumuulize mwenye chumba."