Chumba 309, Ruwi

Wamempaka rangi mzee huyu wa ghorofa sita,
wakamvisha marumaru hadi magotini,
lakini lifti ni ileile: yakohoa ghorofa ya pili
kabla ya kufungua mlango.

Kamari hapa hakuna. Nacheza kwa alama tu,
kwenye simu, saa nane usiku,
kiyoyozi kikidondokea ndooni.

Yanijia matano: ree ya kopa,
mzungu wa nne wa uru, shupaza mbili ndogo,
na pau moja isiyo na jamaa.
Shika. Tupa. Omba mengine.

Shamte wa mapokezi, kaniletea chai ya maziwa,
achungulia begani:
"Kwetu Wete ungechekwa. Ree haitupwi.
Usiache mbachao, bibi."
Nimekwisha itupa.

Asubuhi, bafuni, naona walivyocheza wenye hoteli:
zulia wametupa,
bomba la kutu wameshika,
na taulo zina jina la zamani, limefifia,
herufi ya mwisho haipo.

Mfukoni ninao ufunguo wa nyumba ya mama,
Mabela, iliyouzwa Jumatatu.
Mnunuzi keshabadili kitasa.