Kompyuta ya Skaidrīte

Haina ndugu. Haimo katika kundi lolote la seva,
haina bwana wa kuiamuru kutoka juu.
Imekaa peke yake chini ya meza, ghorofa ya pili,
kiwanda cha soksi, Daugavpils,
feni ikikoroma kama mtu mwenye mafua.

Mkurugenzi kanipa siku mbili.
"Raivis, programu ya michoro haihamishiki.
Leseni imefungwa kwenye mashine hii,
na aliyetuuzia alishafunga duka.
Fanya wachoraji wa Rēzekne waifikie wakiwa kwao."

Nikapiga magoti kwenye vumbi,
nikaweka wakala mdogo, bawabu wa mlangoni,
nikatoboa tundu moja ukutani,
moja tu, la kupitisha uzi.

Kisha nikawasha kioo.
Paka wa kijivu akanitazama kutoka kikapu cha sufu.
Pembeni, kijikaratasi cha njano kisicho karatasi:
*Mkate wa rai. Betri za saa ya Vilnis.
Mwambie Raivis feni inapiga kelele.*

Hakuniambia. Januari ilimwahi.

Kwenye orodha kuna visanduku viwili:
chapisha programu; chapisha eneokazi zima.
Tiki moja, na Rēzekne wataona michoro tu,
nyota, misonobari, mistari ya visigino,
dirisha tupu kana kwamba limezaliwa kwao.
Tiki ya pili, na paka ataingia nyumba za watu.

Nikatia ya kwanza.
Saa nne na robo taa ya kijani ikaanza kukonyeza.
Mbali huko, kwenye theluji ile ile,
mtu alichagua nyekundu,
akaifuta, akachagua nyekundu nyingine,
akahifadhi.

Nilishavaa koti. Nikalivua.
Nikaongeza mtumiaji mmoja: Vilnis,
nenosiri refu, jina la paka katikati yake,
na kwake yeye peke yake nikatia tiki ya pili.

Alipiga simu kabla sijafika ngazi.
Hakushukuru.
"Betri," alisema, "nilinunua mwenyewe."
Akanyamaza. Nikamsikia akibofya, akibofya,
akifungua majalada ya visigino asivyovielewa.
"Ile feni," akauliza, "bado?
Nikimpigia kazini niliisikia nyuma ya sauti yake.
Huku sisikii kitu."

Nilikuwa na feni mpya mfukoni, ndani ya boksi lake.
Nikarudi, nikainama tena,
nikaisogeza simu chini ya meza.