Kilo Saba

Ndege ndogo hupita juu ya Kibuye saa moja kasorobo,
na mama hainui uso. Anapima.
Gorogoro ya omena, kilima kidogo juu yake,
kisha kiganja cha nyongeza
kwa mteja anayejua kunung'unika.

Jioni nilimpeleka kwa Odoyo, kule Kondele,
mwenye kompyuta sita na feni moja.
"Tunatafuta Bremen," nikasema.
"Aluoch anajifungua mwezi wa pili."
Odoyo akabofya. Kisumu, Nairobi, Addis Ababa, Frankfurt,
halafu treni.
Laki moja, elfu thelathini na nane.
Mama akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena,
kana kwamba bei nayo ingepangusika.

"Mwambie apunguze."
"Mama, hakuna mtu humo ndani."
"Kila bei ina mtu."

Tukajaribu Eldoret. Tukajaribu kuvuka Busia kwa basi la usiku
tukaanzie Entebbe, ambako elfu kumi na moja zilidondoka,
ila zingeokotwa na hoteli, na muhuri, na chakula cha njiani.
Tukajaribu kuikata safari vipande,
cha Nairobi peke yake, cha Ulaya peke yake.
Odoyo akatikisa kichwa: Kisumu ikiamka na ukungu,
ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri,
na tiketi haina mjomba.
Na hicho kipande cha dakika arobaini,
kutoka ziwani hadi Nairobi,
kilikuwa ghali kuliko Sahara nzima
ukiihesabu kwa kilomita.

Akabofya tena. Laki moja, elfu arobaini na mbili.
Ilipanda tukiitazama.
Hapo mama akainuka, akachukua mkoba.
"Imetuona tunavyoitaka. Twende."
Akatoka bila kugeuka, mwendo ule ule
anaofanyiwa yeye kila siku sokoni,
hatua za polepole, mgongo ukingoja kuitwa.

Hakuitwa.
Wiki tatu hakuitwa.
Mimi nikawa naamka usiku, simu ikinimulika usoni,
nasogeza tarehe mbele, nairudisha nyuma,
kama mtu anayehamisha ng'ombe gizani
jirani asijue anao wangapi.

Jumanne moja, saa tisa na robo usiku:
elfu tisini na sita, mia nne.
Nikamwamsha. Hakushangaa.
"Wameona tumeondoka kweli," akasema,
akageukia ukuta, akalala.

Ila bei hiyo haikuwa na tumbo la ndege.
Mkoba mmoja wa mkononi. Kilo saba.
Saba, kwa mwanamke aliyebeba magunia
kutoka Dunga tangu sijazaliwa.

Usiku wa mwisho tuliutundika mkoba
kwenye mizani yake ya ndoana, mlangoni pa jikoni.
Tisa na nusu.
Kikatoka kitabu cha nyimbo: "Nazijua kwa moyo."
Vikatoka viatu vya Jumapili: "Nitavivaa."
Zikatoka gauni mbili: "Hizo pia nitazivaa,"
na sweta ya kijani juu yake, Januari, Kisumu,
jasho likimtiririka kabla hajafika popote.
Omena haikutoka.
Ilikuwa imefungwa karatasi tatu isije ikamwaibisha.
"Tumboni mwa Aluoch," akasema,
"kuna mtu hajawahi kuonja ziwa."

Saba na robo.
Akafungua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
akachota kiganja kimoja,
akakitia mfukoni mwa sweta.
Sindano ikashuka, ikatulia.

Leo ndege ilipopita nilikuwa nimeshika gorogoro.
Niliinua uso, nikaifuata mpaka ikawa jua tu.
Mteja akanung'unika.
Nikamwongeza kiganja.